Mbwa Aliyefundishwa Kuachia



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, likizo ndefu iliyopita nilitumwa safari na mama yangu. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma dini katika nyumba hii. Nenda Juba kwa kaka yako, umwambie aache hiyo kazi ya mbwa. Mimi pesa ya mbwa siili."

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Juba, Sudan Kusini, katika kampuni ya ulinzi. Kazi yake ni kuchagua, kufundisha na kuongoza mbwa wa kulinda watu na makazi. Tangu mama alipojua, pesa anayotuma kila mwezi ilikuwa inaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kabatini, na kabati linafungwa. Huku paa linavuja na mdogo wetu amerudishwa nyumbani kwa ada. Mtaani walishampa kaka jina: sheikh wa mbwa.

Nilikubali kwenda kwa moyo mkunjufu, na nakiri mbele yenu kwamba ndani ya moyo huo mlikuwa na kiburi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili. Hadithi za mbwa nilikuwa nazo kichwani, na hukumu nilikuwa nimeshaitoa kabla sijapanda basi.

Nilipita Kampala, nikapita Gulu, nikavuka mpaka kutoka Elegu kuingia Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Ukifika Juba unakuta kuta ndefu, juu yake seng'enge, na nyuma ya kuta nyingi unasikia mbwa. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Vita vikaanza mjini humo humo tarehe 15 Desemba 2013, na Julai 2016 mji ukageuka uwanja wa mapigano tena. Mtu mzima yeyote utakayekaa naye, awe mwenyeji wa Malakia au Mganda mwenye duka Konyo Konyo, ana usiku wake wa kuhadithia, usiku aliosikiliza mlango.

Hoja niliyokwenda nayo

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, nilimsomea kaka hoja yangu. Nikamkumbusha hadithi sahihi iliyopokewa na Abu Huraira na pia Ibn Umar (R.A.), kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu zake kila siku kwa kiasi cha qirati, na katika mapokezi mengine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, mbwa wa mifugo anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Anawalinda."

"Na wa shamba?"

"Analinda mazao."

Akasema, "Basi mwenye mbuzi arobaini amepewa ruhusa. Na mwenye watoto wanne hapa Juba je? Sikubishii. Nakuuliza wewe uliyesoma."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba hadithi bila kubeba walichosema wanachuoni juu yake. Siku mbili zilizofuata nilikaa na vitabu nilivyonavyo kwenye simu, na niliyoyakuta nawafupishia hapa.

Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameitaja mas-ala ya mbwa wa kulinda nyumba na njia. Akasema wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu, kwa kulipimia jambo hilo na yale matatu yaliyotajwa kwenye hadithi, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Ibn Qudama, wa madhehebu ya Hanbali, yeye ameelekea kwenye kutojuzu, ingawa ametaja kwamba ruhusa inawezekana. Na Wamaliki wanasimulia habari ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, faqihi mkubwa wa Afrika Kaskazini. Ukuta wa nyumba yake ulianguka katika zama za hofu, akafunga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Alipoambiwa kwamba Imam Malik alilichukia jambo hilo, akajibu kwamba lau Malik angeishi zama zile, angefuga simba mkali.

Nilipomsimulia kaka hiyo habari alicheka sana, kwa sababu mbwa wake mkubwa anaitwa Simba.

Kuhusu najisi, sisi tulio wengi Afrika Mashariki tumelelewa katika Shafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito: kinachopatwa na mate yake au unyevu wake kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Imam Malik anaona mbwa ni tohara, na kukiosha chombo mara saba ni ibada tu. Lakini hata ndani ya Shafii kuna mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyashiki. La kwanza, kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. La pili, kugusa mbwa hakutengui udhu. Unaosha mahali palipopatwa, na udhu wako uko palepale. Nawaomba mlikumbuke hili la pili, maana nitalirudia kwa uchungu.

Kaka alikuwa anajua hayo kuliko mimi. Karibu na bomba ana ndoo ya udongo safi uliochekechwa. Ana ovaroli na mabuti ambayo hayatoki eneo la mbwa. Mswala wake uko chumba kingine kabisa. Wakati mimi nasoma mlango wa najisi kwa ajili ya mtihani, yeye anauishi mara tano kwa siku.

Imebaki mas-ala ya pesa. Hadithi inayokataza thamani ya mbwa ni sahihi, na kwa Shafii kumuuza mbwa hakusihi, ilhali Abu Hanifa amejuzisha kuuza mbwa mwenye manufaa. Kaka hauzi mbwa. Analipwa kwa kulinda na kufundisha. Nilimshauri amuulize sheikh mwenye elimu amweleze mkataba wake ulivyo, naye akafanya hivyo. Mimi mwanafunzi sitoi fatwa kwenye jarida.

Jinsi mbwa anavyochaguliwa

Asubuhi moja kaka alinipeleka nikamwone akichagua. Kulikuwa na watoto wa mbwa wanne, wa wiki nane hivi. Akawaacha wacheze, kisha akaangusha kifuniko cha sufuria kwenye sementi nyuma yao. Wa kwanza alikimbilia chini ya meza, hakutoka tena. Wa pili alibweka bila kukoma. Wa tatu alirukia kitambaa kilichokuwa karibu akakirarua. Wa nne alishtuka, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama, kisha akakifuata kile kifuniko akakinusa.

Kaka akaniuliza, "Ungechukua yupi?"

Nikasema yule anayerarua. Kwangu mimi mbwa wa ulinzi ni mbwa mkali.

Yeye akamchukua wa nne. Akanieleza kwamba mbwa anayebweka na kung'ata ovyo mara nyingi ni mbwa mwenye hofu, na hofu haichagui. Itamng'ata mwizi, na kesho itamng'ata mtoto wa mwenye nyumba aliyeangusha kikombe. Anayefaa ni yule ambaye akishtuka hurudi kwenye hali yake haraka, anayependa kukimbiza na kucheza, asiyewaogopa wageni wala hachukii watu. Ndiyo maana hata katika aina zinazosifika kwa kazi hii, German Shepherd, Malinois na Rottweiler, huchaguliwa mmoja mmoja. Jina la aina peke yake halitoshi.

Na mafunzo yenyewe hayaanzi na kung'ata. Miezi mingi ya mwanzo mbwa anafundishwa jina lake, kukaa, kulala, kuja akiitwa. Anatembezwa sokoni, azoee bodaboda, watu, mbuzi, jenereta. Kumkamata mtu hufundishwa kwa dhati akishakua, mwaka mmoja au zaidi, meno yakiwa yamekomaa na akili imetulia. Hapo mkufunzi huvaa mkono mnene wa gunia, na mbwa huzoeshwa kuushika kwa mdomo mzima na kutulia. Anayedonoadonoa na kuhamahama bado ana hofu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa somo. Kaka akasema hapo ndipo katikati. Somo refu kuliko yote ni neno moja: achia. Mbwa yuko kwenye kilele cha msisimko, meno yamezama kwenye gunia, damu inachemka, na kwa neno moja anatakiwa afungue mdomo, arudi nyuma, akae. Anafundishwaje? Akiachia, anapewa tena mchezo. Anaachia, anapewa. Mpaka moyo wake unakubali kwamba kuachia kwa amri ya mwenyewe si kupoteza. "Mbwa asiyejua kuachia," kaka alisema, "mimi simtoi nje ya geti, hata akiwa shujaa namna gani."

Kitabu kimeshasema

Ndugu zangu, nilikuwa nimeisoma Suratul Maida mara nyingi. Katika aya ya 4, Allah (S.W.) anahalalisha kile kinachokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na anatufahamisha kwamba elimu ya kuwafundisha ni sehemu ya elimu aliyotufundisha Yeye. Naye Mtume (S.A.W.) akamfafanulia Adiy bin Hatim (R.A.) kwamba anapomtuma mbwa wake aliyefundishwa na akalitaja jina la Allah, ale alichomkamatia, lakini mbwa akila mwenyewe, asile, kwani hapo mbwa amejikamatia nafsi yake.

Mafaqihi wa Shafii wakatoa humo masharti ya mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, asile alichokamata, na hayo yajirudie mpaka ithibiti kuwa ni tabia yake. Angalieni sharti la pili. Akizuiwa azuilike. Ni lile lile neno la kaka yangu pale uwanjani.

Wanachuoni, miongoni mwao Ibn al-Qayyim, wametumia aya hii kuonesha utukufu wa elimu: hata mbwa, elimu imemtofautisha na mwenzake. Meno ni yale yale na mate ni yale yale, lakini windo la mmoja ni halali na la mwingine ni mzoga. Na katika Suratul Kahf tunasoma habari ya vijana waliokimbia kwa dini yao, na mbwa wao amenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango. Sisi wanafunzi huisoma sura hiyo kila Ijumaa, na tukitoka msikitini tukakutana na mbwa njiani tunaokota mawe.

Alfajiri ile

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nyumba ya jirani na tulipokuwa tunakaa walikuwa na mbwa wao. Hakuwa mbwa wa kampuni. Alikuwa amefungwa kwa mnyororo mfupi mchana kutwa, chakula kidogo, na vijana wa pale walikuwa wakimrushia vijiwe na kumchokoza kwa ufagio ili, kwa maneno yao, awe mkali. Kaka alikwenda mara mbili kuwaambia kwamba wanatengeneza balaa. Walimcheka.

Alfajiri moja, mvua imekatika, nimeshatawadha, nimevaa kanzu safi, nangoja kaka twende kuswali, tukasikia ukelele nje ya geti. Tukatoka. Mnyororo ulikuwa umekatika. Mbwa alikuwa amemshika mguu mtoto wa miaka kumi hivi, mmoja wa watoto wanaozunguka alfajiri kuokota chupa tupu za maji wakauze. Gunia lake la chupa limemwagika kwenye matope. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa akipiga kelele, mbwa hasikii. Asikie nini? Hakuna aliyewahi kumfundisha kuachia.

Nilikuwa mbele ya kaka. Nilikuwa nimefika hatua tatu. Nikasimama.

Ndugu zangu, nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama. Kilichopita kichwani, naapa, kilikuwa kanzu, udhu, matope, mate, mara saba. Muda wa swala unaingia. Lakini nikisema ukweli, chini ya yote hayo palikuwa na hofu tu. Niliogopa kung'atwa, na hofu yangu ikavaa kilemba cha fikihi.

Kaka alinipita. Alimshika mbwa ukanda wa shingoni kwa mikono miwili, akamwinua juu bila kumvuta nyuma, ili nyama isichanike, akashikilia hivyo mpaka pumzi ikapungua na mdomo ukafunguka. Akamkabidhi mlinzi. Akamkalisha mtoto kwenye bomba letu, akauosha mguu ule kwa maji yanayotiririka na sabuni, akiangalia saa, dakika 15 kamili. Akaniambia bila hasira, "Mdogo wangu, kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili karibu kila mara huua. Kinga ni sasa hivi: maji, sabuni, halafu sindano." Kisha akambeba kwenye bodaboda kumpeleka kwenye chanjo.

Mimi niliswali Alfajiri kwa wakati, kwa kanzu safi. Sharti zote za swala nilizofundishwa zilikuwa zimetimia. Kaka alirudi jua limechomoza, akavua, akaosha mara saba na udongo, akalipa swala yake. Sijawahi kumwonea mtu wivu wa swala ya kulipa kama siku ile.

Mafaqihi wameandika kwamba anayeswali akimwona mtu anazama na anaweza kumwokoa, ni wajibu aikate swala akamwokoe. Mimi hata sikuwa ndani ya swala. Na udhu wangu usingetenguka.

Mpaka wa kujilinda

Siku zile za mwisho nilirudi kwenye vitabu nikiwa mtu mwingine. Nikasoma mlango wa kumzuia mshambuliaji. Sheria yetu inampa mtu haki ya kuilinda nafsi yake, mali yake na familia yake. Lakini imemwekea ngazi: aanze na jepesi kabla ya zito. Anayezuilika kwa neno hapigwi kwa mkono, anayezuilika kwa mkono hapigwi kwa fimbo. Na mshambuliaji akigeuka akakimbia, haki ya kumdhuru kwa jina la kujilinda imekwisha pale pale.

Mbwa anayesimama mbele ya mwizi akabweka bila kumgusa yuko kwenye ngazi ya kwanza. Anayekamata akaachia mtu anapotulia yuko ndani ya mpaka. Asiyejua kuachia anavuka mpaka kila anapofunguliwa, na aliyemfuga hivyo ataulizwa. Wameandika pia kwamba mwenye mbwa mkali nyumbani kwake, akamruhusu mgeni aingie bila kumwonya, naye akang'atwa, mwenye nyumba anadhamini. Na huyu wa Juba alikuwa nje ya geti, njia ya watu wote, akitafuta riziki yake ya halali.

Kaka alisema juu ya mbwa yule neno moja: "Hana kosa. Hakuchaguliwa, hakufundishwa. Alichokozwa tu."

Nami nikaona kwamba vita vya Juba 2013 na 2016, na kila vita vya ndugu, vimejaa vijana wa umri wetu waliotendewa hivyo hivyo. Hawakufundishwa, walichokozwa. Walinyimwa, wakarushiwa maneno juu ya kabila la pili, wakafunguliwa mnyororo. Na aliyewafungua hakuwa na neno la kuwarudisha.

Tusiseme hayo ni ya Juba. Hapa chuoni tunapogombana kuhusu kunuti na maulidi kwenye makundi ya simu, nani kati yetu akishamshika mwenzake anajua kuachia? Mwenzako amekiri kosa, bado unamfuata. Amenyamaza, unapiga picha ya maneno yake unayasambaza. Tunauita huo ukali wa kutetea dini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), kwamba mwenye nguvu si bingwa wa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Nafsi isiyofundishwa ni kama yule mtoto wa tatu aliyerarua kitambaa: mimi nilimwona shujaa, na mjuzi akamwacha.

Ninayowausia

Naiusia nafsi yangu kabla yenu. Kwanza, tusibebe hadithi moja tukaenda kumhukumu mtu kabla hatujauliza wanachuoni wameielezaje na mtu mwenyewe anaishije. Pili, nyumbani kwenu kama mnafuga mbwa kwa haja ya ulinzi, mlisheni, msimchokoze, mfundisheni, mchanjeni, na mgeni aonywe. Aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumnywesha kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake. Tatu, akiumwa mtu na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri. Nne, na hili ndilo zito, tusiitumie tohara kukimbia wajibu. Maji yapo na udongo upo, kanzu itaoshwa.

Niliporudi, mama aliniuliza swali moja tu: "Ameacha?"

Nikasema, "Hajaacha, mama." Nikamsimulia yote, na nilipofika pale niliposimama hatua tatu, sikujificha.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Yule mtoto amepona?"

Nikamwambia anaendelea na sindano zake, na kaka ndiye anayempeleka. Hakusema lolote juu ya kazi. Jioni akafungua kabati, akatoa bahasha moja, akanipa nikalipe ada ya mdogo wetu. Bahasha zilizobaki alizirudisha, akasema atasubiri jibu la sheikh. Nami naona amefanya vizuri kusubiri kuliko mimi nilivyofanya haraka.

Ewe Mola wetu, tufundishe yanayotunufaisha na utunufaishe kwa uliyotufundisha. Zipe nafsi zetu uchamungu wake na uzitakase. Ipe amani Juba na miji yote ya Waja wako, walinde watoto wanaotafuta riziki alfajiri, na utujaalie tuwe wepesi wa kusaidia, na wepesi wa kuachia tunapoamrishwa kuachia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.